Siku Nilipomhamishia Kukhu Matungu

Kukhu, kama tunavyomwita bibi mzee huku kwetu, aliletwa zahanati Jumanne asubuhi akiwa ameshikwa mkono na binti yake, na alipofika kwenye dirisha la mapokezi alikuwa tayari amekasirika. Mimi ndiye niliyekuwa nyuma ya dirisha, kwa sababu karani wetu alikuwa ameenda matangani. Nilimwuliza jina, nikaliandika, na kompyuta ikaleta ukurasa wake.

"Kukhu," nikasema, "siku hizi unakaa Matungu?"

Alinitazama kama mtu aliyetukanwa mbele ya wakwe.

"Matungu? Mimi niliolewa mara moja, Shinyalu, na aliyenioa nilishamzika. Nani ameniozesha Matungu?"

Watu waliokuwa kwenye benchi walicheka. Binti yake naye alicheka, kisha akasogea karibu na dirisha. "Anayekaa Matungu ni mimi," akaniambia. "Niliolewa huko mwezi wa nne. Mama hajalala huko hata siku moja."

Nikasema labda ni kosa la kuandika, nitalirekebisha. Nilisema hivyo kwa sauti ya kawaida, lakini programu inayotunza kurasa hizo niliiandika mimi.

Sista anayesimamia zahanati yetu alimpima kukhu presha. Alirudia mara ya pili kwa mkono mwingine, halafu akamwambia alale kitandani asiinuke. Miguu ya kukhu ilikuwa imevimba hadi viatu vimekatwa kamba. Alikuwa na kizunguzungu kwa wiki nzima, na siku mbili kabla yake alianguka akitoka kuteka maji, na ndipo jirani akampigia binti simu.

"Dawa unameza, kukhu?" sista akamwuliza.

"Nameza nusu."

"Nani alikwambia umeze nusu?"

"Hakuna aliyeniambia. Yule mama wa afya alikuwa anakujanga kila mwezi kuniletea. Sasa haji. Nikaona nikimeza nzima zitaisha kabla hajakuja, basi nikawa naikata na kisu."

Aliikata kwa wiki sita. Nilikuwa nimesimama mlangoni na karatasi mkononi, nikasikia yote.

Hapa inanibidi nieleze kazi yangu. Niliajiriwa katika zahanati hii, iliyo kando ya mji wa Kakamega, kupanga mafaili. Wagonjwa wetu wanatoka mbali, wengine Shinyalu, wengine Mukumu, wengine huko kwenye mashamba ya miwa upande wa Mumias na Matungu. Wazee wenye presha na sukari hatuwaiti waje kila mwezi, kwa sababu wengi hawawezi safari. Wahudumu wa afya wa vijijini huchukua dawa kwetu na kuwapelekea nyumbani. Zamani orodha zao tuliziandika kwa mkono. Kijiji kimoja kingeandikwa kwa namna nne, kwa sababu huyu anatamka kwa l na yule kwa r, na mhudumu mgeni angeweza kuzunguka kilima mchana kutwa akitafuta boma lililo mbele yake.

Nilijifunza kuandika programu nikiwa na miaka thelathini na sita, kwenye kompyuta ya zahanati, saa za chakula cha mchana. Nilianza kwa sababu nilichoka na mafaili, nikaendelea kwa sababu niliona naweza. Ilinichukua karibu miaka miwili kufikia programu ambayo sista angekubali itumike. Kila Jumatatu ilimpelekea kila mhudumu, kwenye simu yake, majina ya wagonjwa wa eneo lake, boma lilipo na njia ya kufika. Niliionea fahari sana. Wageni wakija, sista alikuwa akinisukuma mbele na kusema, "Huyu ndiye aliyeitengeneza."

Siku hiyo, kukhu alipokuwa amelala upande wa pili wa ukuta, nilifungua programu yangu kutafuta ni nani aliyemhamisha. Sikumpata mtu. Nilichokipata ni kwamba mwezi wa tano binti alikuja kwetu akiwa na mimba changa, akasema ameolewa Matungu, na karani akafungua ukurasa wa binti na kubadilisha makazi yake. Karani hakukosea kitu. Aliandika Matungu palipoandikwa Shinyalu, akaandika njia mpya, akahifadhi. Ukurasa wa mama hakuugusa kabisa.

Kosa lilikuwa langu, na lilitokana na uamuzi nilioufanya mapema kabisa, wakati programu ilikuwa bado kurasa chache.

Katika lugha ya kompyuta ninayoandikia, mwandishi anaweza kuamua kitu kiwe cha aina moja kati ya mbili. Kikiwa cha aina ya thamani, kila anayepewa hupata nakala yake mwenyewe. Ni kama tunaponakili tarehe ya mkutano, wewe kwenye daftari lako na mimi kwenye langu. Nikifuta yangu, yako haijui. Kikiwa cha aina ya rejea, anayepewa hapati kitu chenyewe, anapata maelekezo ya mahali kilipo, na watu kumi wanaweza kuelekezwa kwenye kitu kimoja. Wote huchota kisima kilekile. Mmoja akikitia matope, wote watakunywa matope.

Makazi niliyafanya rejea. Mama na binti walisajiliwa siku moja, wakiwa wanakaa boma moja, na karani alibonyeza kitufe nilichokuwa nimekiweka kurahisisha kazi, kinachosema: tumia makazi ya mgonjwa huyu. Kuanzia hapo wote wawili walikuwa wameelekezwa kwenye makazi yaleyale. Binti alipoolewa na makazi yakaandikwa upya, mama naye akaolewa.

Nilipiga simu kwa yule mhudumu wa Shinyalu, mama mmoja mchangamfu ambaye hajawahi kukosa kazi hata siku ya mvua.

"Kukhu hakuonekana kwenye orodha yangu," akasema. "Nikatafuta jina lake kwenye simu, nikaona ameandikwa Matungu, nikajua binti yake amemchukua. Watu huchukuanga wazazi wao. Hata nilifurahi."

"Hukupita kwake kuona?"

"Yeye yuko kilima cha ng'ambo. Na simu imesema amehama."

Simu imesema. Sikuwa na la kumlaumu. Miaka miwili nilikuwa nikiwaambia wahudumu waamini orodha.

Mhudumu wa Matungu, mzee mmoja mpole, naye alikuwa amefanya sehemu yake. Jina jipya lilipotokea kwenye orodha alikwenda hadi kwenye boma, akabisha hodi na asalaam aleikum, na mama mkwe wa binti akamjibu kwamba hapo hakuna mgonjwa wa presha, wote ni wazima. Binti alikuwa ameenda sokoni. Mzee akaandika "hayupo" mwezi huo, na mwezi uliofuata akaandika hivyo tena. Hakuna mtu kwetu aliyeyasoma maneno hayo.

Jioni nilikwenda kwa sista ofisini kumweleza. Nilijaribu kumweleza habari ya nakala na rejea, lakini alinikata.

"Sema tu kama ni mashine au ni wewe."

"Ni mimi, sista."

"Sawa," akasema. "Kesho nataka kujua kama kuna wengine."

Kulikuwa na wengine. Siku mbili zilizofuata niliwatafuta wote waliokuwa wameunganishwa kwa kitufe kile na ambao mmoja wao alihama. Wengi hawakuwa wagonjwa wa kupelekewa dawa, kwa hiyo kosa halikuwadhuru, lakini tulituma wahudumu kwa kila mmoja. Wote tuliwakuta hai. Kukhu alikaa kitandani kwetu siku tatu, akilalamika kuhusu chai yetu kuwa na majani machache.

Nikiwa katika kazi hiyo ya kukagua ndipo nilipoona kitu kingine, na hicho ndicho kilichoniogopesha kuliko Matungu. Nilichukua karatasi, nikaandika kila kitu ambacho programu yangu inakihifadhi, na mbele ya kila kimoja nikaandika ni thamani au ni rejea. Nilipofika kwenye dozi, kalamu ilisimama. Dozi nayo niliifanya rejea. Wagonjwa wote waliokuwa wakimeza kidonge fulani mara moja kwa siku walikuwa wameelekezwa kwenye dozi moja. Siku sista angebadilisha ya mmoja wao iwe mara mbili, ingebadilika ya wote, kilima kwa kilima, bila mtu kujua.

Nilimpelekea sista ile karatasi. Safari hii alinisikiliza hadi mwisho.

"Na kwa nini haijatokea?" akauliza.

"Kwa sababu hujawahi kubadilisha dozi kwenye kompyuta. Unaandikanga kwenye kadi ya mgonjwa."

"Kadi nilikuwa nimeambiwa niache kutumia."

"Ni mimi niliyekwambia."

Hakunigombeza. Alivua miwani, akaipangusa kwa kanga iliyokuwa kwenye kiti chake, akaivaa tena. "Basi kadi zinabaki," akasema. Nikatoka nikiwa nimefedheheka kuliko kama angenipigia kelele.

Mtu aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Wiki hiyo nilifanya kila kitu kiwe thamani. Dozi, makazi, njia, simu ya nyumbani, vyote. Kila mgonjwa akawa na nakala zake na hakuna tena aliyeelekezwa kwenye kitu cha mwenzake. Nilikuwa nimeshasoma kwamba si kila kitu kinafaa kunakiliwa, lakini nilikuwa nimeshikwa na hofu, na mwenye hofu hachagui, hukimbia tu. Nikamwambia sista, "Imeisha." Kuhusu dozi nilikuwa sahihi, na mpaka leo imebaki hivyo. Kuhusu makazi nilikuwa nimehama kosa moja kwenda lingine.

Mvua kubwa zilipokuja, kijidaraja cha miti kilichokuwa chini ya kilima cha kukhu kilichukuliwa na maji. Mama wa afya wa Shinyalu akatuambia njia mpya, ya kuzunguka juu kupitia mashamba ya chai. Karani akafungua ukurasa wa kukhu na kuiandika. Lakini katika boma hilohilo anakaa mwana wa kukhu na mkewe, na walikuwa na mtoto mchanga aliyesajiliwa kwetu. Ukurasa wa mtoto ulibaki na njia ya zamani, kwa sababu sasa kila mtu alikuwa na nakala yake, na nakala hazisemezani.

Wiki hiyo mama wa afya alikuwa amefiwa. Badala yake alikwenda muuguzi wetu mmoja, mgeni kabisa Shinyalu, akiwa na kisanduku cha barafu chenye chanjo. Alifuata njia iliyokuwa kwenye ukurasa wa mtoto, akateremka kilima chote kwenye utelezi, akakuta maji yanapita na daraja hakuna. Alirudi na chanjo zake na matope hadi magotini, akaweka kisanduku mezani kwangu.

"Wewe," akaniambia, "umewahi kufika hizi mahali unazoandika?"

Sikuwa nimewahi. Nilizaliwa mjini. Shinyalu nilikuwa nikipita barabarani tu.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda. Mama wa afya alikuwa amemaliza matanga, akanipokea kwenye barabara, na tukapanda pikipiki hadi inapoishia njia ya pikipiki, kisha tukatembea. Tulipita katikati ya mahindi na maharagwe, tukazunguka juu kwenye chai kama ilivyoandikwa. Nilikuwa nahema, naye anapiga simu huku akitembea. Alinionyesha maboma kadhaa kwa kidole, huyu ana sukari, yule amejifungua pacha. Nilitambua majina. Nyuso sikuzijua.

Kukhu alikuwa jikoni. Alinijua mara moja.

"Ni wewe uliyeniozesha," akasema.

"Ni mimi, kukhu. Nimekuja kuomba msamaha."

"Kaa kwanza."

Msamaha haukuzungumzwa tena. Alimwambia mkaza mwana achinje ingokho, na nilipokataa akaniuliza kama ninataka watu waseme mgeni wake alikula mboga. Tukala obusuma, yaani ugali, na kuku huyo, mama wa afya akisimulia matanga, na mimi nikimwangalia kukhu miguu. Viatu vilikuwa vinamtosha.

Baada ya kula nilitoa daftari nikaanza kuuliza maswali niliyokuja nayo. Niliuliza nani anakaa hapo. Kukhu akahesabu: yeye, mwanawe, mkaza mwana, watoto. Binti yuko Matungu, na akaongeza kwamba mkwe huyo hajaleta hata ndama mmoja, lakini hilo nisiliandike.

"Binti alipoolewa, ni kitu gani kilibadilika hapa?" nikauliza.

"Hapa? Hakuna. Kitanda chake kimelaliwa na watoto."

"Na daraja lilipochukuliwa?"

Mama wa afya ndiye aliyejibu, kwa sauti ya mtu anayechoshwa na swali. "Hilo ni letu sote. Hata ng'ombe wanazunguka."

Niliandika majibu hayo mawili, moja chini ya lingine, na nikabaki nikiyatazama. Hakuna aliyekuwa amenifundisha kitu, walikuwa wamejibu tu nilichouliza. Lakini nilikuwa nimekaa wiki nyingi nikijiuliza makazi ni thamani au ni rejea, na sasa niliona kwamba nilikuwa nimeyachanganya mambo mawili katika neno moja. Boma ni kitu kimoja kilichopo pale kilimani. Njia yake ikibadilika, imebadilika kwa wote wanaokaa humo, na ni haki wote waelekezwe kwenye boma hilohilo. Kwa hiyo boma ni rejea, kama nilivyokuwa nimeamua mwanzoni kabisa. Nilichokosea mwanzoni ni kuruhusu mtu mmoja aliyehama aandike juu ya boma. Aliyehama hapaswi kuligusa boma. Anatakiwa kuachiliwa kutoka boma hili na kuelekezwa lingine, na walioachwa wabaki walipo.

Kipimo cha presha ni jambo jingine. Kile alichopimwa kukhu Jumanne ile ni cha Jumanne ile. Hakiwezi kubadilika hata kama leo yuko mzima. Hicho ni thamani, kinakiliwe na kiachwe. Dozi vilevile, ni yake peke yake.

Nilipomweleza mama wa afya tukirudi, akasema, "Hayo si ndiyo kila mtu anajua?" Nikakubali kwamba ndiyo.

Kuibadilisha programu kulichukua wiki tatu. Safari hii sikumwambia sista kwamba imeisha. Nilimwomba aje na karani na yule muuguzi wa chanjo, wakae nami meza moja, na tukamwoza mgonjwa wa kubuni, tukamhamisha, tukavunja daraja lake, tukambadilishia dozi, na kila mara tukafungua kurasa za watu wa nyumbani kwake kuona kama wameguswa. Sista aliifurahia kazi hiyo. Mgonjwa yule wa kubuni alimwoza mara nne. Maneno "hayupo" nayo yakapewa mahali pake: mhudumu akiyaandika, jina hutokea kwenye meza ya sista kwa rangi nyekundu na halitoki mpaka mtu apige simu.

Presha ya kukhu ilishuka polepole. Haikurudi ilivyokuwa kabla ya wiki zile sita, na sista hakunificha hilo. Alisema huenda ni umri, huenda si umri. Kukhu sasa anameza vidonge viwili, kimoja asubuhi na kimoja jioni, na mama wa afya huvihesabu mbele yake kila mwezi.

Siku hizi karani akijaribu kubadilisha mahali mgonjwa anapokaa, programu humsimamisha na kumwuliza: mgonjwa huyu anahamia boma lingine, au ni boma lenyewe lililobadilika? Lazima achague kabla ya kuendelea. Karani hakulipenda swali hilo. Alinijia siku moja, foleni ikiwa imefika mlangoni, akaniambia linamchelewesha, kwamba mara nyingi jibu liko wazi, na kwamba ningeweza kulitoa programu ikawa inaamua yenyewe.

"Inaweza kuamua," nikamwambia. "Lakini endelea tu kuliuliza."

Akarudi dirishani akinung'unika, na nikamsikia akimwuliza mgonjwa aliyefuata kwa sauti kubwa, "Mama, umehama wewe, au ni njia ya kwenu imehama?"